Hukumu Inasomwa Arusha, Sheria Inabaki Dodoma

Agosti 2016 gazeti la Mseto lilifungiwa kwa miezi 36. Tarehe 21 Juni 2018, Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa Arusha, iliamua kwamba kulifungia kulikiuka Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ikaagiza gazeti liruhusiwe kurudi mitaani. Halikurudi. Agosti 2019 ile miezi 36 ikaisha yenyewe, na bado halikurudi. Leseni ilikuja kutolewa Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima, na aliyetangaza ni Nape Nnauye, yuleyule aliyekuwa waziri wa habari gazeti lilipofungiwa.

Ukiwasimulia hayo waandishi vijana wa Arusha na Moshi, swali wanalouliza ni moja: sasa hukumu ile ilikuwa ya nini? Ni swali la haki kabisa. Mji wetu una mahakama mbili za kimataifa zinazosikiliza kesi za uhuru wa habari, hiyo na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ulikuwa na ya tatu, ya mauaji ya Rwanda, iliyokwisha kufunga kazi. Majaji wanaingia na kutoka, hukumu zinasomwa, mawakili wanapiga picha nje ya jengo. Halafu mwandishi wa redio ya Sakina anarudi kazini kwake na kukuta sheria ni ileile.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa: hukumu inasema nini, na hukumu inaweza kufanya nini.

Mahakama ya Afrika Mashariki si ngazi ya juu ya mahakama zetu. Haikai juu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na haina uwezo wa kufuta kifungu cha sheria iliyopitishwa na Bunge. Kazi yake ni kuangalia kama nchi mwanachama imeuheshimu Mkataba iliousaini. Vifungu vinavyotumiwa sana na watu wa habari ni Ibara ya 6(d) na Ibara ya 7(2), zinazozungumzia utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Ikiona vimekiukwa, mahakama inatamka hivyo na kuiagiza serikali ichukue hatua. Ibara ya 38 inaitaka nchi ichukue hatua hizo bila kuchelewa. Lakini hatua zenyewe zinachukuliwa na nani? Na waziri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Bunge. Kama mahakama imeamuru mtu alipwe fedha, Mkataba unaruhusu hukumu ikaziwe kwa taratibu za kawaida za madai za nchi husika. Kama imeamuru sheria ibadilishwe, hakuna dalali wa mahakama anayeweza kwenda Dodoma kukamata kifungu cha sheria.

Kwa Mseto kulikuwa na tatizo jingine ambalo wengi hawakuliona. Lilifungiwa chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyokuwa inasajili magazeti. Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, na usajili ukageuka kuwa leseni. Agosti 2017 magazeti yote yakatakiwa kuomba leseni upya. Kwa hiyo hata siku ya mwisho ya kifungo ilipofika, usajili wa zamani haukuwa na kazi tena. Ilibidi leseni itoke, na leseni inatoka serikalini. Nadhani hapa ndipo pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuelewa sheria zetu za habari. Watu wanabishana sana juu ya makosa na adhabu, wakati nguvu kubwa imekaa kwenye karatasi ya leseni.

Kesi iliyo mama

Sheria ya 2016 ilisainiwa Novemba. Januari 2017 Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikuwa wamekwisha kufungua shauri Arusha. Kasi hiyo ilikuwa na sababu, nitaifikia. Hukumu ilitoka tarehe 28 Machi 2019, na ni hukumu ambayo kila mhariri wa kanda hii angepaswa kuwa nayo mezani.

Orodha ya vifungu vilivyoonekana kukiuka Mkataba ni ndefu. Kuna sehemu kubwa ya kifungu cha 7, kinachoorodhesha maudhui ambayo chombo cha habari hakiruhusiwi kuyatoa. Kuna vya 19 hadi 21, vinavyohusu ithibati, yaani kibali cha mtu kufanya kazi ya uandishi. Kuna vya 35 hadi 40, vilivyoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kuna vya 50 na 54 vya habari za uongo, 52 na 53 vya uchochezi, na 58 na 59 vinavyompa waziri mamlaka ya kuzuia machapisho.

Majaji hawakusema uhuru wa habari hauna mipaka. Walitumia kipimo kinachotumika kwenye mahakama nyingi duniani, chenye maswali matatu. Je, kizuizi kimeandikwa kwenye sheria kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisoma na kujua asifanye nini? Je, kinalinda jambo la maana, kama usalama wa taifa au heshima ya mtu? Na je, ukubwa wake unalingana na madhara yanayozuiwa?

Vifungu vingi viliangukia swali la kwanza. Chukua uchochezi. Sheria inaueleza kwa kutazama hisia zinazoweza kuamka kwa watu wakisoma au wakisikiliza: chuki dhidi ya serikali, kutoridhika, na kadhalika. Mahakama iliona kwamba kosa linapotegemea jinsi msikilizaji atakavyopokea, mwandishi hana namna ya kujua mapema kama analitenda. Mtu wa Njiro, mtaa wa wenye nafasi, atasikia taarifa ya bei ya maji na kucheka, wa Unga Ltd, mtaa wa kipato cha chini, ataisikia na kukasirika. Mwandishi ni mmoja na taarifa ni moja. Amechochea au hajachochea?

Hapa kuna hoja ambayo maofisa hupenda kuitoa kwenye semina, na inafaa ijibiwe vizuri: Rwanda. Bila sheria kali, wanasema, tutapata redio kama RTLM, ile iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Hoja hiyo inatamkwa hata Arusha, mji ambao wahusika wa RTLM walihukumiwa. Ndani ya jengo la kituo cha mikutano cha AICC, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio hiyo, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Wanaoitaja kesi hiyo huishia hapo. Lakini kulikuwa na rufaa, iliyoamuliwa tarehe 28 Novemba 2007, na majaji wa rufaa walifanya kazi ngumu ya kuchambua. Walisema maneno ya chuki, hata yakiwa machafu kiasi gani, si lazima yawe uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kufanya mauaji ya kimbari. Ni vitu viwili. Wakachambua matangazo kwa tarehe, yaliyorushwa kabla ya 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipodunguliwa, na yaliyorushwa baada yake, wakafuta baadhi ya hatia na kuacha nyingine. Kifungo cha maisha cha Nahimana kikawa miaka 30, cha Ngeze kikawa 35, na miaka 35 ya Barayagwiza ikawa 32.

Yaani hata kwa watu wale, kwa jinai kubwa kuliko zote, majaji walikataa kutumia neno la jumla. Walitaka kuonyeshwa tangazo gani, lini, likimwambia nani afanye nini. Ukiweka rufaa hiyo karibu na kifungu kinachomtia mtu hatiani kwa taarifa inayoweza kuleta taharuki, utaona ni kipi kilichoandikwa kwa uangalifu. Mimi nikisikia Rwanda ikitajwa kutetea sheria legelege, huwa natamani msemaji angeisoma hukumu ya 2007.

Mwaka 2023 kilibadilika nini

Juni 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari. Yalikuwa matokeo ya miaka ya kusukumana baina ya wadau na serikali, na hukumu ya Arusha ilikuwa silaha kubwa mkononi mwa wadau. Hilo ni jibu la sehemu kwa lile swali la vijana: hukumu ilikuwa ya kwenda nayo kwenye meza ya majadiliano.

Kashfa ilitolewa kwenye makosa ya jinai na kubaki suala la madai. Mtu akichafuliwa jina anafungua kesi ya madai, anadai fidia, anadai kuombwa radhi, polisi hawahusiki. Adhabu za makosa mengine zilipunguzwa. Mamlaka ya Mkurugenzi wa Idara ya Habari (Maelezo) ya kuratibu matangazo yote ya serikali yaliondolewa, jambo lililopita kimyakimya ingawa kwa magazeti mengi ni suala la uhai, kwa sababu serikali ndiyo mteja mkubwa wa matangazo.

Lakini uchochezi ulibaki kuwa jinai. Ithibati ilibaki, na imeota meno: Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, iliyokuwa kwenye karatasi tangu 2016, ilipata wajumbe mwaka 2024 chini ya uenyekiti wa Tido Mhando, na leo mwandishi asiye na kitambulisho chake anajua atapata shida mlangoni. Hiki ni mojawapo ya vitu ambavyo majaji wa Arusha walivitilia shaka mwaka 2019. Wapo waandishi wa heshima wanaoitetea ithibati, na hoja yao inaeleweka. Taaluma imeingiliwa na watu wanaoomba nauli baada ya kila mkutano. Hoja ya upande wa pili ni kwamba kuandika na kusema ni haki ya kila raia chini ya Ibara ya 18 ya Katiba, na haki haisubiri stashahada. Mimi niko upande huu wa pili, ingawa kuna mikutano ya waandishi ambayo hunitia mashaka.

Ile kashfa iliyotolewa mwaka 2023, usifikiri imekwenda mbali. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu mtu anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa anazojua ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo habari ileile kwenye gazeti la karatasi inaweza kuwa suala la madai, na kwenye ukurasa wa Facebook wa gazeti hilohilo ikaitwa jinai. Kashfa ilitolewa mlango wa mbele, na dirisha la nyuma liko wazi.

Video ya dakika mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana mwenye chaneli ya YouTube yuko Soko la Kilombero. Wafanyabiashara wanalalamikia ushuru. Mama mmoja muuza ndizi anaelekea kamera na kusema ofisa fulani, anamtaja kwa jina, anachukua fedha bila kutoa risiti. Kijana anairusha video jioni ileile. Sheria ngapi zinamgusa?

Ya kwanza ni leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizoanza mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, zinamtaka anayetoa huduma ya habari mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Swali si ubora wa habari yake. Habari ikiwa ya kweli tupu, bila leseni ana kosa.

Ya pili ni ithibati, kwa maana ya yeye mwenyewe kama mwandishi. Leseni ni ya chombo, ithibati ni ya mtu, na vinatoka ofisi tofauti. Vijana wengi wana kimoja wakidhani wana vyote.

Ya tatu ni kashfa. Yule ofisa anaweza kumfungulia kesi ya madai yeye pamoja na yule mama. Utetezi wa "nilinukuu tu" hausaidii sana, kwa sababu anayerudia kashfa naye amekashifu. Kinachosaidia ni ukweli unaothibitika, na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu. Wahariri wa zamani wa hapa mjini walikuwa na maswali yao ambayo hayakuhitaji sheria kuyaandika:

"Umempigia?"

"Nimempigia mara tatu, kaka, hapokei."

"Umemwandikia ujumbe? Umeutunza?"

Ujumbe ule uliotunzwa una thamani pia kwenye sheria ya nne, yaani kifungu cha 16. Kifungu kinadai mtuhumiwa awe anajua taarifa ni ya uongo. Mwandishi mwenye daftari lenye tarehe, majina ya aliozungumza nao, na ushahidi kwamba alitafuta upande wa pili, anaweza kuonyesha kwamba hakuwa na ujuzi huo. Asiye na daftari anabaki na neno lake tu. Na kama angetaka kuthibitisha makusanyo ya ushuru kabla ya kurusha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa njia ya kuandika barua halmashauri, na halmashauri inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Siku 30 kwa habari ya soko ni nyingi mno, lakini kwa habari ya uchunguzi ni muda mzuri, na waandishi wanaoitumia sheria hiyo ni wachache kuliko wanaoilalamikia.

Kuna ya tano, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inaacha nafasi kwa kazi ya uandishi, lakini namba ya simu ya yule ofisa ikionekana kwenye video, hakuna sababu ya kihabari ya kuiacha hapo.

Angalia sasa nani ana uwezo wa kumnyamazisha kijana huyu haraka zaidi. Polisi wanahitaji kumhoji, mwendesha mashtaka anahitaji ushahidi, ofisa aliyetajwa anahitaji wakili. Mdhibiti, yaani TCRA, anahitaji barua moja. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, baada ya video ya katuni iliyochapishwa na The Citizen. Septemba 2025 ikaisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, katikati ya kampeni za uchaguzi. Zamani tulikuwa tunamtazama waziri na kalamu yake. Siku hizi macho yawe kwa mdhibiti, kwa sababu habari zimehamia kwake.

Milango na tarehe zake

Mtu akifungiwa, anakwenda wapi? Kuna rufaa za ndani, na kuna Mahakama Kuu kwa hoja za kikatiba. Tangu marekebisho ya 2020, anayefungua shauri la haki za msingi anatakiwa kuonyesha kwamba yeye binafsi ameathirika, na kwamba amemaliza njia nyingine zilizopo. Taasisi inayotaka kupinga sheria kwa niaba ya umma ina mlima wa kupanda.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo barabara ya Dodoma hapa Arusha, imewahi kutoa uamuzi ambao waandishi wa bara zima wanautegemea. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alifungwa miezi 12 kwa makala yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka. Desemba 2014 mahakama hiyo ilisema kumfunga mtu jela kwa kashfa ya namna ile kulikiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Nchi yake ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu watu binafsi kwenda mahakamani hapo moja kwa moja. Tanzania nayo ilikuwa nalo, na mashauri kutoka kwetu yalikuwa mengi kuliko ya nchi nyingine yoyote. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuliondoa, na mwaka mmoja baadaye likakoma. Mwandishi wa Burkina Faso anaweza kupanda ndege kuja kushtaki Arusha, na wa Arusha anayepita nje ya geti kila asubuhi hawezi.

Mahakama ya Afrika Mashariki iko wazi, na haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani. Inadai kitu kingine. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi 2 tu tangu sheria itungwe au uamuzi utolewe, au tangu mlalamikaji alipopata habari. Majaji wameshikilia kipindi hicho bila huruma, na hoja kwamba ukiukaji bado unaendelea haiwashawishi. Ndiyo maana mashirika yale matatu yalikimbilia masjala Januari 2017. Wangeingia mwisho wa Februari, vifungu vile vyote visingesikilizwa kamwe.

Kwa hiyo mwandishi au chombo kikipokea barua ya kusimamishwa, mambo ya kufanya wiki ya kwanza ni haya: kutunza bahasha na tarehe ya kuipokea, kupiga nakala, na kumwona wakili huku siku zikihesabiwa tangu tarehe ya barua, hata kama kuna mazungumzo ya kirafiki yanayoendelea na wizara. Mazungumzo hayo yanaweza kuchukua miezi, na hayasimamishi saa ya mahakama.